Mikono Juu ya Bandeji

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kumiminika kijijini Maguu, Ignatio, mwenyeji wa huko, aliwekewa mashine ndogo kifuani, chini ya ngozi. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, na mashine iliusaidia. Aliwekewa Dar es Salaam, kisha akaletwa hospitali ya misheni, Mbinga, kidonda kipone.

Basi wageni! Ndugu waliombeba kwa machela siku alipozidiwa walikuja wote. Wakiingia wodini waliwapa mkono wagonjwa wote, kuanzia wa mlangoni. Kumpita mtu bila salamu si adabu. Kisha wakafika kwa Ignatio, nao wakataka kuiona mashine. Gaudiosa, mkewe, angewanyimaje? Aliinua bandeji, wakagusa mmoja mmoja.

"Mbona hailii?" aliuliza Bernadi, kaka wa Ignatio.

"Labda imelala," alisema mwingine. Walicheka, hata mgonjwa mwenyewe.

Siku ya nne Ignatio hakucheka. Kidonda kilivimba na kutoa usaha. Homa ilimtetemesha. Gaudiosa alichanganyikiwa kabisa.

"Sista, tumemleta hospitali apone," alimwambia muuguzi, Sista Hedwiga. "Ugonjwa huu mpya umetoka wapi? Mashine ni mbovu? Au kuna mtu ana neno na sisi?"

"Mashine ni nzima, mama. Nani wamegusa kidonda?"

"Ndugu tu! Wamekuja kwa upendo."

"Najua. Walinawa?"

Gaudiosa alitikisa kichwa.

"Wagonjwa hapa ni wengi, na vijidudu ni vingi," alieleza Sista. "Huvioni kwa macho. Hupita mikononi, ya wageni na yetu wauguzi, kitanda hadi kitanda. Vingine havisikii dawa upesi. Sasa, mashine ile ina waya unaoingia moyoni. Vijidudu vikifika huko, itabidi mashine itolewe. Na bila mashine..."

Gaudiosa alivitazama vidole vyake. Ni yeye aliyefungua bandeji! Aliona aibu, akaona na hofu, asijue ipi imezidi.

Daktari alisafisha kidonda, akaanza kumchoma sindano za dawa. Gaudiosa naye aliweka ndoo ya maji, kata na sabuni mlangoni. Bernadi alipokuja na mkono wake mbele, Gaudiosa alirudi nyuma.

"Shikamoo, shemeji. Nawa kwanza."

"Leo unaninyima mkono?"

"Nakunyima, shemeji. Wagonjwa uwasalimie kwa mdomo. Na bandeji hafungui mtu ila muuguzi aliyenawa."

Bernadi alinuna. Akanawa, hata viwiko.

Vijidudu havikuwa vimeufikia waya. Homa ilishuka, na baada ya wiki kadhaa kidonda kilikauka. Siku ya kuondoka, Ignatio aliaga wodi nzima, kitanda hadi kitanda, bila kumpa mtu mkono. Hakuna aliyenung'unika.

Nje, kwenye bomba, mume na mke walinawa kwa sabuni. Ndipo Gaudiosa alipomshika mkono, wakaenda kutafuta gari la Maguu.