Namna ya Kumrudia Aliyeanguka Baharini

Kornelio na mdogo wake Romani walikuwa Wamatumbi, watu wa vilimani. Nguruwe walipomaliza mahindi yao, waliteremka pwani, Kiswere, wakapata kazi ya kupakia magunia ya ufuta. Asubuhi walikunywa uji aliopika Martina, mke wa Romani, kisha wakaenda ufukoni. Bahari waliijua mpaka kiunoni tu.

Siku moja tajiri mwenye mashua aliwaita.

"Kesho kutwa kuna mashindano ya mashua, kutoka hapa mpaka Lindi," alisema. "Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atatoa zawadi. Mabaharia wangu wamekwenda Mafia. Nawataka ninyi wawili."

"Bwana, sisi hatujui bahari," alisema Kornelio.

"Kuna nini cha kujua? Mimi nitashika usukani. Ninyi mtavuta kamba. Mlimani hakuna kamba?"

Watu walicheka. Romani naye alicheka, akakubali.

Siku ya mashindano kaskazi ilivuma kwa nguvu. Romani alipewa demani, kamba inayozuia tanga. Kamba ilimchubua viganja. Ili isimponyoke, akaizungusha mkononi mara tatu. Hakuna aliyemwambia kuwa ni hatari.

Upepo ulikuja ghafla, tanga likajaa. Kamba ilimnyanyua Romani kama mtoto, ikamtupa nje. Mkono ukachomoka kwenye kamba, mashua ikampita.

"Romani ameanguka!" Kornelio alipiga kelele. "Bwana, turudi!"

"Tukirudi tumeshindwa," tajiri alijibu. "Walio nyuma watamwokota."

Kornelio alisimama. Alimwona mdogo wake akipunga mkono. Hakujua kushusha tanga. Hakujua hata kamba ipi ifunguliwe. Alitazama mpaka asione tena kichwa.

Walio nyuma hawakumwona Romani. Tajiri na Kornelio walifika Lindi wa pili. Siku ya tatu wavuvi walimleta Romani, amefunikwa mkeka. Karani wa Bwana Shauri aliuliza maswali machache, akaandika neno moja: ajali.

Kornelio aliacha kazi kwa tajiri yule. Alishinda nyumbani, hasemi na mtu. Jirani yao, Bi Mwanaasha, alikuja kumtazama. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Songo Mnara, na baba yake alikuwa nahodha. Tangu utotoni alisafiri kwa mashua kama wengine wanavyotembea kwa miguu.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba, mwanangu. Utakaa hivi mpaka lini?"

"Ningefanya nini siku ile? Niambie."

"Ungeweza kufanya mengi, kama ungefundishwa. Mashua ya marehemu mume wangu imelala pale. Tafuta wenzako watatu, nije niwaonyeshe."

Kornelio aliwapata Likwata, aliyepakia naye magunia, na vijana wawili Wamwera. Watu wa ufukoni waliwacheka. "Wanaume wazima wanafundishwa na mwanamke!"

"Aliyefundishwa na wanaume yuko kaburini," alijibu Kornelio. Hawakucheka tena.

Siku ya kwanza Bi Mwanaasha hakuwaruhusu kutweka tanga. Aliwaingiza majini wajifunze kuelea. Siku ya pili aliwafundisha kamba.

"Usiizungushe kamba mkononi," alisema. "Izungushe kwenye gogo hili, ushike ncha tu. Upepo ukizidi, iachie. Tanga likipeperuka si aibu. Na usisimame ndani ya duara la kamba. Itakukamata mguu."

"Na mtu akianguka?" aliuliza Kornelio.

"Anayemwona apige kelele, kisha amnyooshee kidole. Huyo hana kazi nyingine. Asigeuze macho hata kidogo, maana wimbi moja linatosha kumficha mtu. Wa pili atupe makumbi." Alionyesha mafungu ya makumbi makavu ya nazi, yaliyofungwa pamoja ili yaelee. "Wa usukani aelekeze mashua kwenye upepo, ipungue mwendo. Tanga lishushwe. Kisha makasia."

Walifanya hivyo kila siku kwa miezi miwili. Walitupa debe tupu baharini, wakalirudia. Mara ya kwanza hawakulipata kabisa. Mwishoni walilipata hata kwenye mawimbi makubwa.

Mwaka uliofuata waliingia mashindanoni, Kornelio akiwa nahodha. Walipita mashua mbili. Karibu na Lindi, Likwata aliteleza akatumbukia.

"Mtu majini!"

Kidole kilinyooshwa. Makumbi yalitupwa. Kornelio aligeuza mashua, tanga likashuka, makasia yakaingia majini. Likwata aliyakumbatia makumbi mpaka walipomfikia. Walimvuta ndani akitapika maji.

Walifika Lindi wa mwisho. Tajiri yule alikuwa ufukoni na zawadi ya mshindi. Aliwatazama, akageuka.

Waliporudi Kiswere, Kornelio alikwenda kwa Martina. Alimweleza yote.

"Mlimrudia kwa muda gani?" aliuliza Martina.

"Muda wa kusali Baba Yetu moja. Labda mbili."

Martina akasema, "Romani alielea zaidi ya hapo. Uliniambia mwenyewe."

"Ndiyo, shemeji."

"Basi kumwokoa kulikuwa kitu kidogo hivyo."

Kornelio alikaa naye mpaka mama yake Martina alipokuja, ndipo akaondoka.

Wiki ile vijana sita waliteremka kutoka vilimani kutafuta kazi ya mashua. Tajiri aliwataka siku hiyo hiyo. Kornelio aliwafuata njiani, akawachukua wote mpaka kwa Bi Mwanaasha. Walipofika ufukoni, mmoja wao alikimbilia kamba.

"Iache hiyo," alisema Kornelio. "Vueni mashati, ingieni majini. Leo tunaanza na kuanguka."