Sare Saba Juu ya Paa

Dobi alikuwa na saa moja ya kwake kwa siku, nayo ilikuwa saa kumi alasiri. Saa nyingine zote zilikuwa za watu: kufua, kusuuza, kuanika, kupiga pasi. Ikifika saa kumi alipanda juu ya paa la saruji, akakaa katikati ya kamba za nguo, akasubiri simu ya mumewe. Mume alikuwa mbali, akitandika reli, mwaka wa pili huo. Chini ndani ya nyumba simu ilikatakata maneno. Juu ya paa ilishika vizuri.

Basi, Nyuki akaanza kuja.

Nyuki ni jina alilopewa na watu wa mtaani. Chombo chenyewe kilikuwa droni, ndege ndogo isiyo na rubani, ya kambi ya jeshi iliyo ng'ambo ya barabara. Kwenye nyumba za wengine alipita tu na mvumo wake. Kwa Dobi alisimama. Akazunguka, akashuka kidogo, akasimama tena.

"Ananitaka nini mimi?" Dobi alijiuliza. Mama wa watu, vidole vimechubuka kwa sabuni, siri gani ya kupelelezwa? Lakini maneno ya mtu na mumewe si ya kusikilizwa na chombo cha jeshi. Akaacha kukaa juu. Asubuhi alianika mbiombio akashuka. Saa kumi alipokea simu kwenye ngazi.

"Unanisikia?" mumewe aliuliza.

"Nusunusu. Sema tena."

"Nasema, siku hizi..." Kimya. Halafu: "...kama umechoka kuongea na mimi, mke wangu, niambie tu."

Simu ikakatika. Dobi alibaki pale amekaa, kifua kinamuuma kwa hamu. Hakutaka zawadi, hakutaka habari. Alitaka sauti ya mume wake, nzima, kama zamani.

Kesho yake, kabla ya saa kumi, alichukua jiwe akapanda ngazi. Akakutana na mpangaji wa chini, dada mmoja mpima ardhi.

"Mama, jiwe la nini? Au siku hizi unafulia juu?" Mpima alimtania.

"Naenda kumshusha Nyuki."

"Liweke chini, mama yangu. Likimkosa, litampata mtu barabarani. Likimpata, utajieleza kambini mpaka ukauke koo. Twende tukamwangalie kwanza."

Walipofika juu, Nyuki alikuja, akasimama palepale. Mpima hakumtazama sana. Alitazama kamba.

"Hizi sare za nani?"

"Za walinzi wa kiwanda. Leo zamu hii, kesho zamu ile."

"Na huwa unazianika hivi?"

"Siku zote. Shati na suruali yake chini, nazibana pamoja. La sivyo zitachanganyika, nigombane na watu."

Mpima akaanza kucheka. "Mama, mimi pia narusha droni, napimia mashamba. Yangu naiongoza mwenyewe. Za namna hii zinajiendesha. Zimepangiwa njia, tena zimefundishwa kutambua vitu: hili gari, huyu mtu, hii sare. Ikitilia shaka, inasimama ipige picha. Sasa inafika hapa, inakuta askari saba wamejipanga juu ya paa."

Dobi akazitazama sare. Upepo ulikuwa umezijaza, mikono inapungapunga.

"Na hawana vichwa," alisema.

"Ndiyo maana inazunguka. Inavitafuta."

Walicheka wote wawili. Dobi ndiye aliyeacha kwanza. "Lakini inasikia?"

"Yangu haisikii. Hiyo ya jeshi siijui, na sitaki kukudanganya."

"Basi sare nitaanika ndani."

"Zivunde? Paa ni lako, mama. Leo utaficha sare, kesho utaficha mashuka. Usiirushie mawe, na usiiogope kimyakimya. Uliza wenyewe. Kwa wiki moja, andika siku, saa na ilichofanya. Halafu tupeleke barua ofisi ya mtaa, nao waifikishe kambini."

Dobi akaandika kwa penseli, herufi kubwakubwa: "Jumatatu. Saa kumi kasorobo. Imesimama. Nimeshuka." Majirani waliposikia, nao wakataka kutia sahihi. Mmoja alikuwa hafungui pazia tena. Mwingine alikuwa ameacha kuogesha mtoto uani.

Barua ilipofika, kambi ikamtuma afande. Ofisi ya mtaa ilijaa hadi mlangoni. Dobi alisimama.

"Afande, ulinzi siukatai. Mume wangu yuko mbali. Saa kumi ndiyo saa yetu, na chombo chenu kinanisimamia kichwani. Kinasikia? Na picha zangu anaziona nani?"

Afande hakucheka. "Hakina kipaza sauti, mama. Picha anaziona askari wa zamu. Zisizo na tatizo zinafutwa baada ya siku tatu."

"Niandikie," alisema Dobi.

Afande akaandika, akatia sahihi na muhuri. Baada ya wiki mbili njia ya Nyuki ikahamishiwa nyuma ya kiwanda, mbali na nyumba za watu. Tangazo likabandikwa ofisini, pamoja na namba ya kupiga mwenye malalamiko. Si wote walioridhika, na wasioridhika wanaendelea kuuliza.

Siku ile njia ilipohamishwa, saa kumi, Dobi alikaa juu ya paa. Simu ikalia. Akamsimulia mumewe yote, mpaka vichwa vilivyokuwa vinatafutwa. Mume alicheka hadi akakohoa.

"Mimi nilidhani umeshazoea kukaa bila mimi," alisema.

"Sijazoea hata siku moja. Na wewe usizoee."

"Sina habari mpya ya kukupa. Leo tumelaza mataruma arobaini tu, zile mbao za chini ya reli."

"Nihesabie."

"Yote?"

"Yote."

Akaanza: moja, mbili, tatu. Dobi akafumba macho, akamsikiliza mpaka arobaini.