Ndoa ya Kuvuka Mpaka

"Usije ikulu leo, Kuntum. Nakuomba."

"Baba mkwe wangu kafa alfajiri, halafu unaniambia nisije?"

"Shh! Usimwite hivyo kwenye simu!"

Kuntum aliitazama simu kama imemng'ata. Tengku Izwan, mwana wa Sultani na mrithi wa kiti chake, alimuoa ng'ambo ya mpaka, Siam, kwa imamu asiyewajua, eti nyumbani watu wana midomo. Mabinti, mkiona ndoa inavuka mpaka ili majirani wasijue, ulizeni inamkimbia nani. Sasa tumbo limeanza kuonekana, na wimbo wa Izwan ni ule ule.

"Vumilia, mke wangu. Ami Razlan anatafuta sababu. Wakijua nimeoa binti wa fundi cherehani, kiti ni chake. Nikitangazwa tu, na wewe nakutangaza."

"Na mtoto?"

Simu ikakatwa.

"Vumilia, vumilia! Mimi nimekuwa jiwe?" Kuntum akafoka.

Mama yake, Mak Yam, alikuwa akijifunga kitambaa cheupe cha msiba. "Nilikwambia, mwanangu. Ukaniona mshamba."

"Mama, usinisute leo. Mimi nakwenda."

"Basi vaa baju, lile vazi pana, tumbo lisionekane. Twende."

Ukumbini, Sultani alilala chini ya kitambaa cha njano. Kwao mfalme hazikwi mpaka mwingine atangazwe, na wazee walikuwa wanabishana tangu asubuhi: huyu kijana, au ami yake? Jua lilipanda, wasomaji wa Kurani wakakaukiwa sauti, maiti inangoja.

Mwishowe Bendahara, mkuu wa baraza, ambaye wote walimwita Datuk kwa heshima, akasimama.

"Tengku Izwan, mbele ya baba yako nakuuliza. Una mke?"

Izwan akainua macho. Yakamkuta Kuntum upande wa wanawake. Yakatulia pale pale juu yake.

"Sina, Datuk."

"Kaa chini, mwanangu," Mak Yam akanong'ona, akimvuta nguo. Lakini Kuntum alishasimama.

"Anaye! Mke wake ni mimi!"

Ukumbi ukavuma kama nyuki.

"Haya, leo kila mwenye tumbo atasema la mfalme!" mama mmoja akabeza.

"Unamjua binti huyu?" Bendahara akauliza.

"Simjui. Labda msiba umemchanganya."

Kuntum akamkazia macho. Miezi yote ile ya kujifungia ndani, ya kula kwa siri na kucheka kwa siri, na haya ndiyo malipo?

"Binti," Bendahara akasema taratibu, "huyo mumeo ana simu?"

"Anayo, Datuk."

"Mpigie."

Kuntum akatoa simu. Akabonyeza. Kimya. Halafu simu ikalia, ndani ya baju nyeusi ya Tengku Izwan, hatua chache kutoka kichwani kwa marehemu. Hakuipokea. Ikalia mpaka ikachoka.

Bendahara hakupandisha sauti. "Mjukuu wangu, babu yako alioa binti wa mkulima, na baraza lilimkubali. Hatukuuliza ili tukunyime kiti. Tulitaka kujua nani atakurithi wewe. Lakini aliyemkana mkewe mbele ya maiti ya baba yake, kesho atalikana na baraza hili."

Razlan akatangazwa. Sultani akazikwa baada ya swala ya alasiri.

Udongo wa kaburi haujakauka, Izwan yuko mlangoni kwa Mak Yam, viatu mkononi.

"Kuntum, fungua. Kiti kimekwenda, hakuna tena wa kumwogopa. Nitakutangaza hata sokoni!"

"Sasa ndiyo unanitangaza? Ulipokosa pa kukaa?"

"Nilikukana kwa ajili yetu!"

"Ulikuwa unanitazama, Izwan. Ungeangalia chini, pengine ningesamehe."

"Basi niambie nifanye nini."

"Kesho twende kwa kadhi. Umkubali mtoto wako mbele za watu. Ukimaliza, unipe talaka yangu."

"Jamani! Leo nimempoteza baba, nimepoteza kiti, nimepoteza mke. Nimebaki na nini?"

Mak Yam akatoa kichwa dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Umebaki na mtoto, Tengku. Huyo hujampoteza bado. Njoo asubuhi, na usichelewe."