Chaki Kwenye Ncha ya Ufa

Mniwie radhi mapema, hadithi hii nitaiharibu. Aliyestahili kuisimulia hawezi tena, na mimi hata msibani huponyokwa na utani.

Jumanne asubuhi, tarehe 24, mtambo wa umeme ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Mkaguzi wa mabomba, tuliyemwita Milimita kwa sababu hata chai aliimimina kwa kipimo, alipanda hadi kwenye kona ya bomba kuu la mvuke. Chuma nacho huchoka: mtambo ukiwashwa kinavimba, ukizimwa kinanywea, mwishowe kinachanika. Alipaka rangi nyekundu, akafuta, akapuliza unga mweupe. Ufa ukajichora, mwembamba kama unywele. Milimita kumi na mbili. Kikomo ni ishirini. Kwa hesabu zake, bomba lilikuwa na miaka mitatu mbele yake. Akatia alama ya chaki kwenye ncha ya ufa na kuandika tarehe, kama wakaguzi wote.

Mbele ya alama yake kulikuwa na nyingine tatu. Tarehe 25. 26. 27. Mwandiko wake mwenyewe, na ile saba yenye mkanda tumboni. Ya mwisho ilikaa kwenye milimita ishirini kamili.

Ijumaa, tarehe 27, mtambo ungewashwa. Na wa kusimama chini ya kona ile, kufungua vali, alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea.

Akamkimbilia mkuu wa mtambo. Mkuu akapanda, akatazama: alama moja tu. Akapima: kumi na mbili. Akawageukia mafundi.

"Magaga yangu yana nyufa kubwa kuliko huu, na kazini nafika."

Wakacheka wote. Hata dada mtu.

Jumatano Milimita alipima peke yake. Kumi na tano. Alhamisi, kumi na nane. Bomba baridi. Halina mvuke. Ufa unatembea. Akimwita mtu, unarudi kumi na mbili. Alimpigia mkuu magoti, akaambiwa akapumzike.

Ijumaa asubuhi alimshika dada mkono, akanong'ona.

"Dada, leo usisimame pale. Nakuomba."

"Mdogo wangu, nitawaambia nini? Naogopa chaki?"

Basi akamdanganya kwamba anaitwa ofisini. Akashika vali yeye.

Dada alikuwa hajafika mlangoni aliposikia bomba likipasuka.

Jumamosi tulimzika Milimita. Jumatatu kipande cha bomba kilikatwa, kikawekwa mezani mbele yetu sote. Alama zilikuwa nne.

Mkuu yule mcheshi yuko hai. Ukutani chumbani kwake umetokea ufa mwembamba. Kwenye ncha yake pana chaki, na saba yenye mkanda tumboni. Akiwaita watu, wanaona ukuta mzima. Anaupima kila asubuhi.

Mnisamehe mwandiko; naandika haraka, nimetoka kuupima ufa wa leo. Na ule utani wa magaga, kati ya yote niliyowahi kutunga, ndio pekee uliochekesha kila mtu.