Maji ya Delia

Mashuka yote yalikuwa makavu, isipokuwa moja. Kila Juni, akina Winslade wakivuka kutoka Boston kuja kisiwani, kazi ya kwanza ni kuifungua nyumba na kufunua viti vilivyofunikwa tangu vuli. Bibi Constance alipovuta shuka la kiti cha mwisho mezani, maji yalimchirizikia mkononi. Aliyaonja. Yalikuwa ya chumvi.

“Paa linavuja tu, Mama,” alisema bintiye Winifred, kichanga kikiwa begani.

“Tangu lini mvua ikawa na chumvi?”

“Basi Delia karudi na maji yake!” Winifred akaangua kicheko.

Utani huo ulikuwa wa familia. Baba yake Constance, Askofu Winslade, ndiye aliyelijenga kanisa la kisiwani kwa ajili ya matajiri wenzake waliokuja huko kila kiangazi, na aliagiza kila mtoto wa ukoo abatizwe kwa maji ya bahari yaliyochotwa asubuhi ileile kwenye gati lake. Alipobatizwa Constance, bahari ilikuwa imechafuka. Mtumishi wao, Delia Hanratty, binti wa Kiayalandi, alitumwa akachote kwa ndoo, hakurudi. Akatumwa mwingine, ibada ikaanza kwa wakati wake. Tangu hapo mtu akichelewa mezani, husemwa kamfuata Delia. Watu hawa wanaojua kila askofu amezikwa wapi hawakuwahi kumwombea yule msichana hata sala moja. Aibu iliyoje!

Mjukuu alikuwa abatizwe Jumapili. Wiki nzima nyumba ilinuka mwani, na matone yalisikika ngazini, tone, kimya, tone, mpaka mchana mmoja wa ukungu ambapo Constance aliyafuata, akapanda, akaona nyayo mbichi za miguu mitupu zikimtangulia hadi chumba cha mtoto, na alipofika akamkuta mjukuu wake amelowa chapachapa kitandani, midomo ya buluu, akikohoa maji ya bahari.

Mchungaji Pell aliitwa mbio. Alizunguka vyumba vyote akikemea, “Toka, pepo mchafu!” Matone yakanyamaza. Kisha yakaendelea.

“Hatoki,” alinong’ona, jasho likimtoka. “Bibi, huyu alitumwa na askofu. Nadhani bado yuko kazini.”

“Basi aimalize,” alisema Constance. “Nitakwenda naye mwenyewe.”

Jumapili asubuhi akashuka gatini na ndoo, Winslade wa kwanza kuyachota maji yale kwa mkono wake. Ndoo ilipojaa ilimshinda kuinyanyua.

“Delia,” alisema, machozi yakimtoka, “tumekucheka maisha yetu yote. Nisamehe. Njoo tuyafikishe.”

Ndoo ikawa nyepesi. Mkono wa baridi ulikuwa umeshika upande wa pili wa kishikio, ukagusa vidole vyake, na wakapanda pamoja hadi kanisani.

Mtoto alibatizwa, akalia kwa sauti nzima, na kila mtu akacheka kwa faraja. Constance alihisi amani ambayo hakuwahi kuijua. Wakarudi kwenye benchi lao lenye kijilango, ambacho Mzee Orrin, bawabu wa kanisa, hukifunga familia ikishatimia.

Mzee Orrin akabaki amekishika.

“Funga, mzee wangu. Tumetimia,” alisema Constance.

“Bado huyu binti wenu, bibi,” alijibu kwa adabu, akasogea kando kumpisha mtu. “Pole, mwanangu, umelowa.” Kisha akafunga komeo.

Mto wa benchi, kati ya Constance na Winifred, ukabonyea taratibu. Maji yakaanza kuuloanisha.

“Mama,” alinong’ona Winifred, akimtazama mwanawe mikononi mwake. “Mama, mbona mtoto amekuwa mwepesi, kana kwamba kuna mtu anambeba pamoja nami?”