Nyemo na Maji ya Mikono

Huyu ni Nyemo. Anaishi na Bibi yake. Uani kwao kuna mpapai mmoja. Nyemo aliupanda mwenyewe.

Mpapai una papai moja. Ni dogo kama ngumi ya Nyemo.

Mvua hainyeshi. Nyemo anafungua bomba. Hooo, hooo. Upepo tu.

Bibi anarudi kutoka kisimani na ndoo moja. Kila nyumba imegawiwa ndoo moja.

Mwenyekiti wa mtaa anapita na kipaza sauti. "Maji ni ya kunywa! Maji ni ya kupikia! Basi!"

"Na mti wangu?" anauliza Nyemo.

"Nikikuta mti umemwagiliwa, naung'oa," anasema Mwenyekiti.

Nyumba ya Mwenyekiti iko nyuma ya ukuta. Ina tangi kubwa. Nyemo anachungulia kwenye tundu.

Nyasi za Mwenyekiti ni za kijani. Mpira wa maji umelala juu ya nyasi. Shiii, shiii.

"Bibi! Nyasi zinakunywa!"

"Punguza sauti, mjukuu wangu."

"Lakini alisema maji ni ya kunywa, maji ni ya kupikia, basi."

"Alituambia sisi," anasema Bibi.

Jani la mpapai linaanguka. Pwa. Jani lingine linaanguka. Pwa.

Wakati wa kula, Nyemo ndiye anayenawisha. Anashika jagi. Bibi anaweka mikono juu ya beseni. Chururu, chururu.

Nyemo anatazama ndani ya beseni. "Bibi, haya tunayapeleka wapi?"

"Huwa tunayamwaga nje. Leo yapeleke kwa mpapai wako."

Jagi, mikono, beseni, mpapai. Chururu, chururu. Kila mlo, hivyo hivyo. Majani hayaanguki tena.

Siku moja Mwenyekiti anaingia uani. Anagusa udongo. Una unyevu.

"Nani kaumwagilia huu mti?"

Nyemo anaukumbatia mpapai.

Bibi anaepua ugali. "Umetukuta tunakula, Mwenyekiti. Karibu. Nyemo, mnawishe mgeni."

"Haya," anasema Mwenyekiti. "Nitaung'oa nikishashiba."

Anasugua sabuni. Povu linajaa mikononi. Nyemo anamimina. Chururu. Kisha anaacha.

"Ongeza, mtoto. Povu bado lipo."

"Maji ni ya kunywa," anasema Nyemo. "Maji ni ya kupikia. Basi."

Mwenyekiti anamtazama Bibi. Bibi anautazama ugali.

Mwenyekiti anakula tonge. Anakunja uso. "Mbona chungu?"

"Ni sabuni," anasema Nyemo.

Nyemo anabeba beseni. Anamwaga maji chini ya mpapai, Mwenyekiti akiona. "Mpapai wangu unakunywa haya. Leo yametoka mikononi mwako."

Mwenyekiti anatazama mikono yake. Bado ina povu. Anasimama. Anaondoka. Mpapai haugusi.

Jioni, Nyemo yuko kitandani. Nyuma ya ukuta, shiii, shiii.

"Bibi, hajafunga maji."

"Hajafunga."

"Papai letu litaiva?"

"Litaiva."

"Na nyasi zake, zinaliwa?"

"Haziliwi, mjukuu wangu."

Nyemo anacheka kidogo. Anafumba macho.

Uani, mpapai umesimama. Na papai lake limekuwa kubwa kuliko ngumi.