Supu Iliyotumbukia Nyongo

Toroli la nyanya lilimkanyaga Roseline kidole gumba cha mguu katikati ya supamaketi moja ya Malaz, alasiri ambayo ungedhani Riyadh nzima imetumwa mboga. Hakulia. Alitukana.

"Ona huyu mjinga! Macho umeyaacha kwenu?"

Alisema kwa Kiswahili, kwa raha zake, akijua hapo hakuna wa kumwelewa. Alikuwa ndani ya abaya nyeusi iliyopauka mabegani, viatu vya mpira vya manjano vikichungulia chini. Aliyesukuma toroli alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu na kofia aliyoigeuza kisogoni. Akasimama, akatabasamu.

"Macho ninayo, dada. Shida ni kwamba yalikuwa yanakuangalia wewe badala ya njia."

"Woi! Mkenya?"

"Wa Mumias. Naitwa Fidel. Na hicho kidole nitakilipia soda."

Roseline alitaka kuendelea kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka. Yeye alitoka Ugenya na alikuwa akifanya kazi za ndani kwa Madam Huda, majengo matatu kutoka hapo. Fidel aliendesha lori la mboga kutoka Jeddah, ambako alipanga chumba mtaa wa Kandara, na mara moja kwa wiki alishusha mzigo kwenye supamaketi hiyo. Basi kila lori lilipofika, Madam Huda akawa ameishiwa vitunguu.

Siku nyingine zote walipendana kwa simu. Madam akilala baada ya alasiri, Roseline alijifungia chumba cha kufulia.

"Nyar Ugenya," Fidel angeanza, akikitafuna Kijaluo vibaya kumwita binti wa Ugenya. "Umekula?"

"Nimekula. Na wewe acha kuua lugha ya watu."

"Basi niite darling mara moja tu, niache."

"Darling ni ya watu wa sinema."

"Kwa hivyo mimi nitaisikia lini?"

"Siku utakayokanyaga boma la baba yangu nitakuita hivyo mbele ya watu wote. Kabla ya hapo wewe ni Fidel."

Hayo hayakuwa maneno ya mchezo. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Walikuwa wamekubaliana warudi nyumbani pamoja, Fidel apeleke wazee Ugenya, na Saudia ibaki hadithi ya kusimulia. Mambo yalikuwa yamenyooka hivyo mpaka Ijumaa moja ya Oktoba, yalipotumbukia nyongo.

Siku hiyo Roseline ndiye aliyepiga.

"Uko wapi?"

"Niko kwa Rogelio, yule Mfilipino fundi wetu wa malori. Leo wamepika supu ya kwao, we acha tu!"

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikaita, laini, sauti ya mtu aliye kwake: "Darling!" Kisha maneno ambayo Roseline hakuyajua, kisha tena: "Darling!"

"Nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo anayekuita darling, Fidel."

Fidel akacheka, cheko la kushika mbavu.

"Si darling! Ni ading! Kwa Kiilokano, lugha ya kwao, ni mdogo wangu. Huyo ni mke wa Rogelio, Manang Luz, anaita kila mtu hivyo."

"Ading."

"Ee."

"Na Manang."

"Manang ni dada mkubwa, sasa..." Cheko likamshinda tena.

"Fidel, mimi nimekuja huku kuosha vyombo. Sikuja kuoshwa."

Akakata. Akamfungia simu, na WhatsApp, na kila mlango.

Hata uongo una adabu yake. Mwanamume mwenye heshima angesema ni redio, au ni jirani. Huyu alikuwa amebuni lugha nzima! Roseline aliisugua sufuria ya wali wa kabsa siku hiyo kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Kilichomuuma zaidi ni neno lenyewe. Lile alilomnyima, kwa nia njema, akimwekea kama nguo ya sikukuu, amekwenda kulitafuta kwa mwingine. Na akacheka. Mwanamume wake wa kwanza, kule nyumbani, alianza vivyo hivyo: akiulizwa, anacheka.

Mara mbili aliliona lile lori limeegeshwa nje ya supamaketi na Fidel amesimama mlangoni akinyoosha shingo. Mara zote mbili alipitia mlango wa nyuma, hasira ikimsukuma mgongoni.

Novemba, shule zilipofungwa, Madam Huda alihamisha nyumba nzima kwenda Jeddah kwa mama yake. Huko akamjia Roseline na karatasi ya mkataba mkononi.

"Roslin, saini hapa miaka miwili mingine. Watoto wamekuzoea. Jumamosi nipe jibu."

"Nitasaini, madam," alisema Roseline, na wala hakuwa anamtazama madam. Alikuwa anamkomoa Fidel.

Lakini Ijumaa, alipopewa ruhusa mpaka magharibi, karatasi ikiwa bado haijatiwa wino, alichukua teksi akamwambia dereva, "Kandara." Alitaka kumwona huyo mwanamke. Amwone uso, amwambie matatu manne, ndipo arudi akasaini. Nyumba ya Rogelio aliijua kwa simulizi za Fidel: juu ya duka la fundi cherehani, karibu na stendi ya zamani ya mabasi, mlango wa kijani. Alipanda ngazi akiyapanga matusi yake, makubwa mwishoni. Akagonga kwa ngumi.

Aliyefungua alikuwa bibi wa miaka sitini na zaidi, mfupi, mvi zimefungwa kwa kibanio cha waridi, aproni ina madoa ya tangawizi. Alimtazama Roseline juu hadi chini, kisha uso mzima ukafunguka.

"Ading!" alisema. "Taal, taal, ading!" Njoo, njoo.

Ilikuwa sauti ile ile na neno lile lile. Matusi yote aliyoyapanga ngazini yakamporomoka Roseline, makubwa kwanza.

"Inti Roslin," bibi alisema kwa Kiarabu chake cha sokoni, wewe ndiye Roslin, huku akimvuta mkono. "Fidel kulu yom Roslin, Roslin." Kumbe jina lake lilitajwa humo kila siku.

Ndani, mkekani, Rogelio alikuwa akipakua wali. Kando yake alikaa Fidel. Hakuinuka.

"Umekuja kumkamata darling wangu?" aliuliza. "Ndiye huyo. Ana wajukuu watano."

"Usinianze, Fidel."

"Nikuanze? Wiki tatu umenifungia! Nimesimama Malaz kama mwizi, walinzi wananiuliza nataka nini. Umenihukumu kwa neno ulilolisikia nusu!"

"Ulicheka!"

"Ilichekesha!"

"Kwako! Mimi nilikuwa nimejifungia na mashine ya kufulia, nakufa, na wewe unacheka! Yule wa kwanza alinichekea hivyo hivyo miezi minne, mpaka nikaalikwa harusi yake!"

Sauti zilipanda. Jirani akagonga ukuta. Ndipo Manang Luz akapiga upawa kwenye sufuria, akakasirika kuliko wote wawili.

"Halas! Mangan! Kula!" Yaani basi, kuleni; neno la mwisho alikuwa amefundishwa na Fidel.

Roseline akakaa, Fidel akashika kijiko. Kwa mtu wa umri ule wangefanya nini? Bibi akamsukumia Roseline bakuli lenye matumbo na maini ya mbuzi, yamekatwa madogo madogo kwenye mchuzi wa kijani uliokolea.

"Papaitan," alisema, akakunja uso kuonyesha uchungu, akisubiri mgeni ateme.

Roseline alikunywa kwa hasira. Ikaja tangawizi, pilipili, ukwaju, na nyuma yake uchungu ambao ulimi wake uliutambua kabla yeye hajautambua. Aliweka kijiko chini. Alimwona dani, nyanya yake, amechutama jikoni Ugenya, akikamulia kibofu cha nyongo juu ya matumbo ya mbuzi.

"Wametia nyongo," alisema polepole.

"Makusudi," Fidel akajibu, bado amenuna. "Bila nyongo si papaitan, ni matumbo tu. Mara ya kwanza nilipoionja nilikufikiria wewe."

"Mimi ni mchungu hivyo?"

"Zaidi. Na bado narudi kuongezewa."

Roseline alilia, na hakuficha. Alilia kwa hasira, kwa aibu, kwa wiki tatu za kupitia mlango wa nyuma. Kisha akainua bakuli, akanywa mpaka likakauka, akamrudishia Manang Luz lijazwe tena. Bibi alipiga makofi.

"Hapo kwenye kicheko nilikosa," Fidel alisema, akitazama wali wake. "Ningejua, nisingecheka."

"Na mimi nilikosa." Ilimtoka kwa shida. "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika. Desemba bado ipo?"

Rogelio alikuwa ameshika sufuria ya moto, anatafuta pa kuitua. Roseline akafungua mkoba, akaitoa karatasi ya Madam Huda, akaikunja mara nne na kuilaza mkekani.

"Weka hapa," alisema. Sufuria ikakaa juu yake, mchuzi ukaanza kuilowesha. "Kesho nitamwambia madam halas. Naenda kwetu."

Fidel aliitazama karatasi ikilowa. Bakuli lake lilikuwa tupu, na Manang Luz akalinyooshea upawa: "Ading!"

Roseline alimpokonya upawa. "Lete bakuli, darling," alisema, kwa ukali kama anayegombana.

Kijiko kilimdondoka Fidel. "Umesema nini? Si ulisema mpaka boma la baba yako?"

Manang Luz, aliyefurahi kumsikia mgeni akijaribu lugha ya kwao, alitikisa kidole kumsahihisha. "Ading," alisema taratibu. "A-ding."

"Hapana, Manang," Roseline akajibu, akimjazia Fidel supu mpaka ukingoni. "Wako ni ading. Wangu ni darling."